Bendera ya Kijani Haikuonekana

Kedowa,
22 Desemba 1996

Kwa kaka yangu mpendwa Kimeli,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umevaa soksi mbili mbili kama Mama alivyokuagiza. Sisi huku hatujambo. Chai imechipuka vizuri na yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Mama anauliza kama ni kweli ng'ombe wa huko Ufaransa hufungiwa ndani majira yote ya baridi. Ukijibu, mwambie wanaimbiwa, la sivyo atawahurumia mpaka akose usingizi.

Barua yako ya Novemba ilisomwa mezani mara tatu. Tulicheka pale wenzako wa kozi ya misitu walipokufunga mbao miguuni wakakupeleka kwenye theluji. Lakini mimi nilishikwa na zile rangi: kwamba mlima umegawanywa njia, kijani ya wanaoanza, bluu ya waliozoea kidogo, nyekundu ya wazoefu, nyeusi ya mabingwa, na kila mtu huchagua kwa uwezo wake. Halafu ukaandika kwamba wewe hutoki kwenye kijani, uko na watoto wa miaka mitano, na ukauliza, kama katika kila barua, mkono wangu unaendeleaje.

Sasa sikia. Watoto wa Shule ya Jumapili waliniomba tufunge mwaka kwa kuteremka na magunia ya mbolea kwenye kilima chetu cha malisho, pale juu ya chai. Unamjua Baba. Tangu nivunjike mkono pale mwaka wa 1979, hata ukikaa kwenye nyasi zile unaulizwa unataka kuteremka kwenda wapi. Alikataa katakata. Akasema Januari atachimba mashimo ya miche ya chai kilima kizima, na maneno yataisha.

Nikamsomea barua yako mara ya nne. Siku ya tatu nilimkuta kilimani, mzee wa kanisa na kofia yake, akipima mteremko kwa hatua. Akasema kama Wafaransa wanaweza kujipanga, Kedowa haitashindwa.

Nyekundu tuliiacha, kilima hakitoshi. Kijani tuliiweka upande ulio tambarare, inaishia karibu na birika la ng'ombe. Bluu inapinda kidogo. Nyeusi inaanzia lile jiwe la juu na kushuka moja kwa moja hadi kwenye chai. Baba ndiye aliyekuwa refa. Hakuna aliyeruhusiwa bluu kabla ya kuonyesha kwamba anaweza kufunga breki kwa visigino. Mtoto wa Kipsang alilia aliporudishwa kijani, Baba akamwambia hata mtoto wake aliyeko Ufaransa yuko huko huko, akanyamaza.

Kosa lilikuwa langu. Kila njia tuliiwekea bendera ya rangi yake. Ya kijani niliikata kutoka sketi yangu ya zamani ya shule, na sikufikiria kwamba kijani kwenye nyasi, na chai nyuma yake, hakionekani. Watoto walishaonyeshwa njia. Mama alichelewa kwa sababu ya kupika chai, akaja akitaka kujaribu mara moja tu, njia ya wanaoanza. Akatafuta bendera. Ya bluu ilifichwa na kona, na rangi zenyewe alikuwa amezichanganya. Aliyoiona ni moja, nyeusi, imesimama vizuri juu ya jiwe, akajua ni hapo. Tulisikia ukelele, akatupita ameketi wima, kitambaa cha kichwa kimebaki nyuma, akaingia kwenye chai miguu juu. Tulipomfikia alikuwa anacheka hata hawezi kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza gunia liko wapi arudie.

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema kama ungejua mpango huu wa rangi zamani, usingenisukuma kutoka kwenye jiwe lile.

Kimeli, hapo nilishindwa kunyamaza. Hukunisukuma. Ulinikataza, nikapanda. Ulinishika sketi unizuie, nikajinasua nikateremka. Labda ulidhani mkono wako ndio ulioniangusha. Nilipoulizwa ni nani, nilikuwa na miaka saba, nikaogopa fimbo, nikataja jina lako. Nikakutazama ukichapwa. Miaka kumi na saba umeuliza hali ya mkono wangu kama mtu aliyeuvunja, na mimi nimekujibu hali yake tu. Nilimwambia Baba yote, watoto wakisikia. Nisamehe, kaka.

Baba alikaa chini kwenye nyasi zile, kwa mara ya kwanza. Ameniagiza niandike kwamba fimbo ilikuwa yake na anakuomba msamaha. Mashimo hayatachimbwa Januari. Kilima kitakungoja.

Mama anakusalimu sana, gunia lake ameliweka nyuma ya mlango na haliazimwi. Mkono wangu ni mzima, ulipona mwaka ule ule. Usiuulizie tena. Ukipanda tena huko, jaribu bluu.

Ni mimi dada yako,
Chepkorir