Vibao vilivyopakwa rangi

Alhamisi, Iringa

Nyumba ya vioo ya bustani ya zamani itabomolewa. Ofisa wa bustani amenithibitishia leo mchana. Mimea inayojulikana kwa jina itahamishiwa Mbeya, mingine itatupwa.

Hakuna inayojulikana. Kabla ya ziara ya kiongozi mwaka jana walipaka rangi nyeupe kila kitu, mawe na mashina ya miti, hadi vibao vya majina mle ndani. Baadaye walipoikwangua, herufi zikabanduka nayo.

Mama Neema, anayemwagilia humo tangu usichana wake, alinipitisha chungu kwa chungu. Anaijua mimea yote, ila kwa majina aliyoipa mwenyewe. Mmoja ni Mvivu. Mwingine, wenye maua meupe, ni Bibi Harusi.

"Andika, mwandishi. Kalamu imeisha wino?"

"Mama, hayo hawatayakubali."

"Kwani wewe ulizaliwa na jina?" Akacheka, akaendelea kumwagilia.

Niliyaandika yote, nikampelekea ofisa. Aliyasoma akitabasamu, akanirudishia karatasi.

Habari iliyosema bustani ni chafu, ile iliyowashtua wakanunua rangi, niliiandika mimi. Kila neno lilikuwa sahihi. Leo nilikuwa na Mama Neema saa mbili nzima na sikumwambia. Sidhani kama nitaweza.

Ubomoaji ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mhariri amenipangia kwenda. Mama Neema amesema atafika saa kumi na mbili, amwagilie kwanza.