Meno Yangu Yamezuiwa Ofisi ya Kodi

Mlango wa nne, ghorofa ya chini,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 8.

Mpendwa mjukuu wangu Kijiti,

Wewe mtoto, una miguu au huna? Miaka miwili hujakanyaga mlango huu. Nikikupigia, simu inaita mpaka yenyewe inaona haya. Hata daktari wa meno naonana naye mara nyingi kuliko wewe, na yule sikumlea mimi.

Haya, nimeshakugombeza, sasa salamu. Hujambo, mama? Kile kifua chako cha msimu wa baridi kimepona? Unakula, au bado unashinda na chai tupu? Mimi ni mzima. Goti la kulia linanung'unika nikipanda ngazi, nalikemea, linapanda. Kazini bado nipo, chumba kilekile cha kufulia cha hospitali, mashuka yaleyale. Msimamizi mpya ananiita kikongwe wa pasi akidhani sisikii. Nasikia. Nimemwacha tu, maana bila mimi hajui hata kuwasha ile mashine kubwa.

Anayeniandikia ni fundi cherehani wa mlango wa sita. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asinirembee. Tayari amejaribu mara mbili kuniwekea "tafadhali". Nimemfutisha.

Sasa sikiliza. Unajua kila mwaka kodi wanayokata kwenye mshahara wangu huwa inazidi, na baadaye hunirudishia kile kilichozidi. Marejesho ya mwaka huu nilishayapangia kazi: meno. Ya chini yote. Daktari alinichukua kipimo kwa ule ujiuji wao wenye ladha ya chaki, na meno yameshatengenezwa. Nimeyaona kwa macho yangu, yamekaa kwenye kisanduku chenye jina langu, meupe kama ya msichana. Kilichobaki ni kwenda kuyalipia.

Mwezi ukapita, marejesho hayakuja. Ukapita wa pili. Nikavaa gauni langu la heshima, nikaenda ofisi ya kodi.

Dirisha la saba kulikuwa na karani mwenye tai fupi. Akabonyeza-bonyeza, akaniambia, "Bibi, fedha zako zimezuiwa. Zinalipia deni."

"Deni la nani? Mimi hata chumvi sijakopa."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Nikamwambia, "Usinigeuzie hicho, baba. Nisomee." Basi akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: mkopo wa chuo, jina lako, mdhamini mimi, alama ya dole gumba. Haujalipwa tangu mwezi wa tatu, mwaka juzi.

Foleni nzima ikanikodolea macho. Mama mmoja nyuma yangu akaguna, "Wajukuu wa siku hizi!" Nikageuka nikamuuliza, "Wa kwako yuko wapi, tumkague na yeye?" Akaanza kutazama viatu vyake.

Lakini moyoni, Kijiti, nilikuwa nahesabu. Mwezi wa tatu mwaka juzi ndiyo mara ya mwisho ulipokaa kwenye kiti cha dirishani ukanisomea barua. Kumbe hukuwa na shughuli nyingi kama ulivyodai. Jioni ile niliporudi nikambana shangazi yako. Akatapika yote: ulipoteza kazi mwezi ule, mkopo ukakushinda, sasa umepata kazi ya ghalani, na ulimwapisha asinieleze. Mimi niliyekuogesha kwenye beseni, niliyekutoa chawa mmoja mmoja, ndiye unayenificha njaa?

Turudi pale dirishani. Karani akanibandika kosa. Eti niliandikiwa barua tatu, nikapewa siku sitini za kuweka pingamizi, nikakaa kimya. Nikamwambia, barua ninazo! Tena hazina hata mkunjo. Wewe unajua utaratibu wa nyumba hii: bahasha ya ofisi, ile yenye kidirisha cha nailoni, inaingia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na haifunguliwi mpaka uje. Fundi huyu ameomba mara ngapi anisomee, nikamkatalia, nikamwambia msomaji wangu yuko njiani. Msomaji wangu! Kopo limejaa mpaka kifuniko hakikai, nimekifunga kwa ukanda wa gauni. Barua zilizotaka kuniokoa zimelala humo zinakungoja wewe. Leo ndiyo mara ya kwanza fundi anakaa kwenye kiti chako, na nimemkalisha pembeni, si katikati.

Sikuondoka pale ofisini. Nilikaa kwenye benchi lao. Karani akaniambia dirisha linafungwa. Nikamwambia fungeni, mimi nimekuwa nikifua madoa ya hospitali miaka ishirini na sita, najua kusubiri kitu kitoke. Mwishowe akatoka mkuu wao, mama mnene, miwani inaning'inia kwenye kamba. Akakaa kando yangu, akanieleza kama mtu anavyomweleza mtu. Fedha bado hazijapelekwa kwa wenye mkopo. Zinaondoka mwisho wa mwezi huu. Kabla ya hapo, ukienda wewe mwenyewe na kitambulisho, ukasaini kwamba utalipa kidogo kidogo kutoka mshahara wa hiyo kazi yako mpya ya ghalani, za kwangu zitaachiwa. Usipokwenda, zinakwenda zao. Na za mwaka kesho pia, na za mwaka utakaofuata.

Nikamuuliza, "Mkimwona mtamfunga?" Akacheka mpaka miwani ikacheza kifuani. Hakuna wa kukufunga. Mimi ndiye wa kuogopwa.

Sasa nikupe msimamo wangu, na fundi asiongeze kitu. Sitaki unionee huruma. Dole lile nililichovya kwenye wino mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono, na kesho ukitaka kusoma tena nitalichovya tena. Karani alinitazama akingoja nione aibu. Atangoja sana. Aibu ya nini? Nilimdhamini mtoto asome, na amesoma. Kama yale meno yatauzwa kwa mwenye taya kama langu, yauzwe. Nimetafuna kwa fizi miaka minne na kiuno hakijapungua. Na deni ni deni, litalipwa, hatukatai. Lakini lichukue fedha, lisinichukulie wewe. Limeshakuchukua miaka miwili na hakuna karatasi niliyoiwekea dole kwa hilo. Hapo ndipo nitakapopigana nao, na wewe nitakupiga pia.

Shangazi yako anakusalimu, bado anakaa mbali na mkono wangu. Mjomba wako dereva anasema gari lake bado lina kiti chako, usisingizie nauli. Fundi naye salamu, ameomba niziweke, nimemruhusu. Mungu akulainishie njia, akupe riziki isiyokuficha, na akurudishie ule uso wako wa kunitazama machoni.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekunja ngumi,

(dole gumba la kushoto, lilelile)

Nyongeza: Ofisi yao inafunguliwa saa mbili asubuhi, kwa hiyo fika hapa Alhamisi jioni, tarehe kumi na tisa, ulale, asubuhi tutoke pamoja. Usibishe hodi kama mgeni. Mlango umevimba kwa mvua, usukume kwa bega. Usianze kulia mlangoni, majirani watafikiri nimekufa. Panda kwenye kigoda, shusha lile kopo, fungua ukanda, kaa kwenye kiti chako katikati kabisa, na uanze na barua ya chini.