Bia Nyeusi ya Bi Violet na Kata ya Baba

Langley Park, Maryland,
Marekani.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa kaka Gervas,

Shikamoo. Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, nikiamini barua hii itakukuta umekaa barazani na mguu umepunguza kuuma. Elieth aliniambia siku hizi unafika kanisani bila fimbo. Kama ni kweli nimefurahi sana, na kama mwanao alikuwa ananifariji tu, basi niambie mwenyewe. Presha ya wifi Jacqueline inaendeleaje? Na vuli imewafikia huko Rombo, au mnatazama tu mawingu yakipita kwenda Kenya?

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Magoti yananisumbua kwenye ngazi maana tunakaa ghorofa ya tatu, lakini kazi nafanya na misa sikosi. Baridi imeanza. Miti imekuwa myekundu mitupu, na majani yanaanguka polepole kama hayana haraka ya kufika chini. Barabara yetu bado wanaichimba kwa ajili ya reli mpya, kwa hiyo basi linazunguka mno. Mimi nakaa dirishani na rozari yangu, na mara nyingi nafika kazini Bladensburg nimeshaimaliza yote na kurudia.

Kaka, simu zetu ni fupi. Unaniuliza baridi, nakuuliza ng'ombe, tunaagana. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua nampa Wambura tunayesali naye, anakuja Moshi wiki ijayo. Nina jambo linalotuhusu mimi na wewe na marehemu baba, ila nitalianzia mbali kidogo. Univumilie.

Nilishakutajia yule bibi ninayemhudumia, Bi Violet. Ana miaka tisini na mmoja. Ni Mwingereza, aliolewa na mwanajeshi wa Kimarekani akaja naye huku akiwa msichana. Baba yake kazi yake ilikuwa kutunza mapipa ya bia chini ya baa, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Basi kila Jumapili saa tisa alasiri Bi Violet anakunywa bia nyeusi ya kwao, ile ya kizamani, glasi moja ndogo. Daktari anajua na ameruhusu. Mjukuu wake, Ethan, ndiye anayeleta chupa.

Jumapili ya kwanza nilimharibia kabisa. Mimi na ulokole wangu, bia naijulia wapi? Chupa niliitia kwenye friza, nikaimimina kwenye kikombe cha plastiki, nikaweka na mrija juu, kama juisi ya mgonjwa. Aliitazama, akanitazama. Akasema, "Mwanangu, umeiua. Hata maiti haiwi ya baridi hivi."

Akanifundisha. Chupa inakaa kwenye ngazi za chini ya nyumba, penye ubaridi wa kawaida tu. Saa moja kabla, unaipandisha ikae kabatini. Unamimina kwa kuinamisha glasi ya baba yake, ile nene yenye mkono, taratibu, halafu unangoja. Nilicheka peke yangu jikoni. Nilimkumbuka baba na wazee wenzake, mtu akiwaletea bia ya kwenye friji wanaipokea kwa ncha za vidole kama nyoka. Kumbe wazee wa Kiingereza na wazee wa kijijini kwetu Mashati walikuwa na koo moja.

Nikawa naipenda ile saa, kaka, bila kuonja hata tone. Jua la alasiri linaingia dirishani limelala, linapita ndani ya glasi, na ile bia unayoiona nyeusi inakuwa nyekundu katikati, kama kahawa iliyoiva sana mtini. Povu lake si jeupe, lina rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Bi Violet haanzi kwa kunywa. Anashika glasi kwa mikono miwili, anafumba macho, ananusa. Anasema ananusa ngazi za kushukia kule kwenye mapipa, koti la baba yake, mvua ya kwao. Namuacha aende anakokwenda. Nami nakaa kwenye kiti changu na mawazo yangu yanatembea, na nyumba nzima inakaa kimya mpaka unasikia povu likipasuka.

Sasa, mwezi wa tisa Bi Violet alianza kubadilika. Ni uzee, umeingia kichwani. Siku moja alisukuma bakuli la supu akasema nimetia kitu. Kesho yake vilevile: chai nimetia kitu, maji nimetia kitu. Mimi, kaka, niliyemwogesha miaka minne. Ethan akaja na ndizi mbivu ambayo haijamenywa, hata hiyo akaikataa. Siku tatu anakunywa maji ya bomba tu, akijikingia mwenyewe kwa kiganja. Nesi wa ofisi yetu akasema ikifika Jumatatu hajala, atapelekwa hospitali, na kutoka huko hatarudi nyumbani kwake, atapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Nilimsikia akimwambia Ethan, na Ethan akageukia ukuta.

Jumapili hiyo nilitoka misani nikaenda nimefunga, nikisali njia nzima. Saa tisa nikaandaa bia yake kama kawaida, maana sikujua la kufanya zaidi. Nikamletea. Akatazama glasi, akalamba midomo kwa kiu, akasema, "Wewe unataka nife."

Sikufikiri. Naapa mbele ya Mungu sikufikiri. Mikono yangu ilifanya kile ilichokiona tangu utotoni. Niliinua glasi mbele ya macho yake, nikaonja, nikameza, nikafuta ukingo kwa kiganja, nikampa kwa mikono miwili. Kama baba. Kama kila mtu wa kwetu anavyompa mgeni kata ya mbege, kile kibuyu cha pombe yetu ya ndizi: mwenye kumimina anaonja kwanza, ili mpokeaji aone hakuna ubaya ndani.

Bi Violet alitazama koo langu likimeza. Kisha akapokea. Akanywa kidogo, akanywa tena, povu likamkaa juu ya mdomo. Akaniuliza, "Supu iko wapi?" Nikaileta, nikaonja kijiko cha kwanza, akala yote. Tangu siku hiyo kila kitu naonja mbele yake, na anakula. Yuko nyumbani kwake mpaka leo. Ethan nilimweleza yote pamoja na ile bia, maana sikutaka kuficha. Alisema tu, "Asante, Mama Euphrasia," akatoka nje akakaa kwenye gari.

Lakini ngoja nikwambie kuhusu lile funda moja. Miaka ishirini na miwili sikuwa nimegusa pombe, wewe unajua. Lilipita ulimini kwanza kama ukoko wa mkate ulioungua kidogo, halafu kama ulezi uliokaangwa, halafu nyuma kabisa, kaka, uchungu. Ule uchungu wa gome la msesewe tunalotia kwenye mbege. Nikasimama pale Bladensburg na trei mkononi, na nilikuwa nyumbani. Nikaona moshi wa ndizi zinazochemka ukipanda kati ya migomba, mama anakoroga na jina langu liko mdomoni mwake, wewe unabeba kuni na shati lile la bluu. Nikamwona baba. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananyoosha mkono.

Na hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia. Siku ya kuniaga kuja huku, baba alinipikia mbege. Mbele ya ukoo wote akaonja kata, akainyoosha kwangu na baraka mdomoni, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kwenye kikundi cha maombi, nikarudi nyuma hatua moja nikasema, "Baba, hiyo ni dhambi." Ningeweza kugusisha midomo. Ningeweza kupokea tu nikampa mama. Mzee wa watu akaimwaga chini polepole, akakaa. Miaka yote nilidhani nilikataa pombe. Sasa najua jinsi inavyouma mtu anapokutazama mkononi na kuona sumu. Bi Violet ana maradhi. Mimi nilikuwa na akili zangu timamu.

Halafu baba akafariki na mimi sina karatasi za kutoka na kurudi. Ulinipigia baada ya mazishi ukasema umeitundika kata yake ukutani na mimi nisije nikaiulizia. Sikukujibu. Nilijifanya nina hasira.

Nilimweleza padri haya yote. Nilitegemea adhabu nzito. Aliniuliza kama nimemwomba baba msamaha, nikasema amefariki, akauliza nani amekaa mahali pake. Nikakutaja wewe.

Chepkirui, Mkenya ninayekaa naye, alinikuta nalia juu ya sinki jioni ya Jumapili ile niliyoonja bia. Akaninusa, akasema, "Aki Mama Maombi, kumbe siku hizi unapiga mtungi? Na mimi unaniambia nisilale na redio ikicheza, eti ni dhambi." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Akaniambia, "Sasa enda nyumbani. Karatasi si uko nazo?"

Ninazo, kaka. Zilitoka mwezi wa saba. Tiketi imekatwa, nafika tarehe kumi na tisa Desemba, nije tule Krismasi wote kama watu wa kwetu. Sitakuwa mnywaji, usinielewe vibaya. Nikirudi huku nitaendelea na chai yangu. Ninaomba kitu kimoja tu. Ushushe kata ya baba ukutani. Uonje, kisha unipe. Nitaipokea kwa mikono miwili, mbele ya wote waliokuwepo siku ile na wakingali hai.

Kama moyo wako haujawa tayari nitakuja vilevile, nitakaa kwenye kaburi la baba, na sitakulaumu.

Nisalimie sana wifi Jacqueline, mwambie dawa ya presha haisubiri mpaka kichwa kianze kuuma. Msalimie baba mdogo Solomon na mwanangu Elieth, ambaye koti lake nimeshalinunua. Bi Violet naye anakusalimu. Nilimwambia nina kaka mahali penye migomba, akasema nikuulize bia yenu mnaiweka wapi isipate joto.

Mungu aliyewapa wazazi wetu mvua na ulezi awe barazani kwako asubuhi na jioni, na akuponye mguu.

Nijibu mapema, kaka, hata kwa simu ya Elieth. Niambie kama utanionjea.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Euphrasia