Mama Anadhani Hospitali ni Bure

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana mimi na kaka yangu tumedanganya kwa nia njema na sasa uongo wenyewe umetushinda kuubeba.

Mama yetu figo zimegoma, inabidi asafishwe damu kwa mashine kila wiki, na siku daktari alipotutajia gharama mama alikuwa ameenda msalani, kwa hiyo kaka, akijua kwamba mama akisikia bei atasema bora afie kitandani kwake kuliko kufilisi watoto, alimpokea mlangoni akamwambia hospitali imeanza kutibu wajane bure, mama akashukuru Mungu, matibabu yakaanza, na mimi nikanyamaza.

Basi tukaanza kuuza vitu. Kaka aliuza pikipiki, akamwambia mama anatembea kwa miguu ili apunguze kitambi, mama akampongeza na tangu hapo anampakulia nusu sahani. Makochi tukasema yako kwa fundi yanabadilishwa vitambaa, mama akakaa mkekani wee mpaka akachoka, akachukua mkongojo akaenda kumgombeza fundi wa makochi, na yule fundi, ambaye makochi yetu hajawahi kuyatia machoni, akaomba radhi, akasema umeme ulikuwa unasumbua, akaahidi wiki ijayo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wageni wakija mama anawaambia, "Hospitali ndiyo mtoto wangu. Hawa wa kuzaa hawajaninunulia hata dawa ya kikohozi," na sisi tumekaa palepale tunachekacheka kama mabwege, na juzi shangazi alinivuta jikoni akaniuliza kama sina haya.

Sasa mama ametangaza kwenye kikundi chao kwamba Jumatatu anawapeleka wajane wote wa mtaa wakasafishwe damu, wanaoumwa na wasioumwa, na wamekubaliana waende na sare, na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, sare zenyewe nazishona mimi. Nikimwambia ukweli ataacha matibabu, nikinyamaza ataaibika mbele ya wenzake pale dirisha la malipo. Nifanyeje?

Fundi Niliyechanganyikiwa

*

Fundi, pole sana. Sasa weka mkasi chini unisikilize.

Mlichofanya kimetoka kwenye upendo, na bado ni kosa. Mama yako anaumwa figo, akili yake ni nzima kabisa. Mmemficha mwanamke mzima habari za mwili wake mwenyewe, halafu unaumia kwamba hashukuru. Atashukuru nini wakati hajui?

Leo jioni kaeni naye, wewe na kaka yako. Uongee wewe. Kaka yako akiachiwa nafasi atasema hospitali imehama. Taja gharama yote bila kuipunguza, na taja mlichouza. Atasema haendi tena hospitali. Usibishane naye. Mwambie, "Mama, pikipiki tutanunua nyingine. Wewe tutakupata wapi?" Kisha nyamazeni, mwacheni alie, na mkitaka kulia naye lieni.

Akishafuta machozi, mpe kazi. Mtu anayeweza kushawishi wajane wa mtaa mzima wakasafishwe damu isiyo na tatizo lolote, hawezi kushindwa kuwaomba wamchangie. Wewe na kaka yako nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali, mkaulize habari za msamaha wa gharama, za kulipa kidogo kidogo, na za bima. Mlipaswa kuanzia hapo kabla ya kugusa kiti hata kimoja. Na hao wajane Jumatatu waende hivyohivyo na sare zao, wakapime presha na sukari, maana hayo ndiyo huharibu figo za watu kimyakimya.

Kaka yako arudishiwe sahani yake. Mtu anayetembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi anahitaji kushiba.

Na ukiingia kwa mama usianze na "Mama, naomba usikasirike." Ukianza hivyo atakasirika kabla hujasema kitu. Anza na ukweli.