Bei ya Picha ya Shingo

Jumatatu, 3 Februari
Theluji imefika madirishani. Kaka yangu Merle kaja kula nyama ya kuoka na viazi, kama kila Jumatatu. Uvimbe wa shingoni umekua. Daktari alimwambia tangu Novemba apigwe picha. Hajaenda! Amepiga simu hospitali mara tatu kuuliza bei. Jibu ni lile lile: utaijua bili ikifika.

"Si wewe unayetengeneza hizo bili? Niambie basi, dada. Mimi sinunui mbuzi kwenye gunia."

Nikamwambia siruhusiwi. Akaomba chumvi. Niliona aibu, nikajifanya naangalia jiko.

Jumatano, 5 Februari
Glenda, mkuu wetu wa idara ya bili, kaniita. Bunge la jimbo lina muswada: mgonjwa atajiwe bei kabla ya kutibiwa. Kamati inasikiliza watu Ijumaa, kule Helena, makao makuu ya jimbo. Hospitali inapinga — na inataka nikaseme mimi. Ati nina miaka kumi na tisa pale, na sura yangu inaaminika. Hotuba wameshaniandikia. Mstari wa tatu: bei haiwezi kujulikana mapema.

Nikamuuliza, mbona mimi naiona kwa kubonyeza mara mbili?

Akacheka. "Verna mwenzangu, bonyeza kimya kimya."

Alhamisi, 6 Februari
Nimebonyeza. Bima ya Merle, picha ya shingo — bei ipo. Nimetoka nje kwenye baridi, nikampigia na kumtajia. Wakijua, kazi sina.

Akasema kumbe angeimudu kwa kuuza ndama mmoja tu. Miezi mitatu kaogopa bure. Kapata nafasi ya kupigwa picha kesho asubuhi.

Kabla ya kukata simu akauliza: "Na wasio na dada huko kwenye bili, wanampigia nani?"



Ijumaa, 7 Februari. Helena
Naandika nikiwa ukumbini, daftari juu ya mapaja. Tumekuja na gari la Glenda, mwendo wa saa tatu barabarani, kahawa kanilipia yeye. Mwema kwangu siku zote, hilo ndilo linaloniuma. Pale mlangoni kaniandikisha upande wa wanaopinga.

Wanaounga mkono ndio wanaotangulia. Mwalimu mstaafu. Mama mwenye mapacha. Kila mtu dakika mbili. Wabunge wawili wanachezea simu.

Ujumbe wa Merle umeingia sasa hivi. Kapigwa picha. Daktari anataka kumwona Jumatatu, na kamwambia asiende peke yake, aende na mtu wa familia.

Miezi mitatu. Na bei nilikuwa nayo mezani siku zote hizo.

Mwenyekiti anauliza kama kuna mwingine anayeunga mkono. Mara ya pili anauliza. Glenda ananigusa mkono, ananong'ona: "Bado, mpenzi. Zamu yetu inafuata."

Nimempa ile karatasi ya hotuba anishikie. Nasimama