Sekunde Kumi za Mama Mdogo

Kimironko, Kigali
Jumapili, 18 Desemba 1994

Mpendwa Mama Mkubwa Winifred,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua umeiitikia huku unatafuta miwani. Huo mguu unasemaje? Bado unagombana na ngazi za kanisani, au siku hizi mmepatana? Na kifua cha Baba Mkubwa? Na kuku wako, wameshahamia kitandani kwangu au wananisubiri nirudi? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, misa naenda japo nachelewa. Lakini upweke upo, Mama Mkubwa, huo sikufichi. Hata nikikuficha utauona kwenye mwandiko.

Barua hii anakuletea Nduwayo, dereva wa lori la maharage, yule yule aliyenileta huku mwezi wa nane. Atakaa hapo Bukoba siku mbili kabla ya kugeuza. Mpe chai, na usimwache aondoke mpaka uimalize barua yote. Mwishoni nina ombi, na jibu lake ndiye atakayerudi nalo.

Nakaa chumba kimoja nyuma ya soko, pamoja na Liliane, msichana aliyekulia Bujumbura. Ni mwema, ila anaongea usingizini kwa Kifaransa, na Jumapili huenda kwa wajomba zake. Jumapili ndiyo siku mbaya. Huko Bukoba nilikuwa mtoto wa Wanyarwanda, huku nimekuwa yule wa Tanzania. Nikifungua mdomo sokoni, wauza mboga wanachekea viganjani kwa jinsi ninavyokitamka Kinyarwanda ulichonifundisha. Mji mzima huu hamna mtu hata mmoja aliyeniona nikiwa na meno ya utoto. Hicho ndicho kinachonichosha kuliko kuchota maji.

Ndiyo maana nilijiunga na ile kozi ya video niliyokudokezea, ukanijibu kwamba kamera haiivishi ndizi. Sawa, haiivishi. Lakini ilinipa watu wa kukaa nao. Mwalimu wetu, Salvator, alikuwa akipiga video za harusi huko Burundi. Ana kamera moja ya kubeba begani, deki mbili za kuchezea kanda, na televisheni ambayo ukiigonga ubavuni ndipo inakumbuka kazi yake. Wanafunzi tulikuwa sita, Liliane akiwemo, na kazi yetu ya kumaliza kozi ilikuwa filamu fupi ya dakika kumi na moja.

Tuliiita Hodi. Msichana anashuka garini na sanduku, anagonga milango saba ya mtaa mmoja akiuliza nyumba aliyosimuliwa tangu utotoni. Hakuna anayeijua. Mwisho anaketi juu ya sanduku lake, anakula hindi la kuchoma, basi. Msichana huyo ni mimi. Usifikiri ni kipaji. Ni kwamba mimi pekee ndiye niliyekuwa na sanduku, lile lako la bati la bluu, nalo limeigiza vizuri kuliko mimi. Mahindi nilikula sita siku ile, kwa sababu kila mara Salvator alisema ninatafuna kwa furaha mno. Nilikuwa na njaa, Mama Mkubwa, ningefanyaje?

Siku zile nilikuwa na furaha. Naliandika hili ili ulijue.

Kazi ya kuitangaza filamu aliishika Bruce, kijana aliyekulia Kampala, mwenye maneno mengi kuliko haja zake. Alitaka matangazo ya karatasi yenye uso wa mhusika mkuu. Picha niliyokuwa nayo ni moja tu, ya kitambulisho, nimetazama mbele, hata nusu ya tabasamu sina. Wakaikuza kwa fotokopi mtaani Muhima mpaka macho yangu yakawa kama vifungo vya koti. Chini tukaandika jina la filamu, siku, saa tisa mchana, na ukumbi wa shule moja hapa jirani, Remera, watu wote wanakaribishwa.

Tukapika gundi ya unga wa muhogo, tukatoka na ndoo. Bruce akasema, "Hatuweki kila mahali. Tunaweka pale people wanasimama. Kwingine wanapita tu." Tulimwona mjanja sana. Na watu wanasimama wapi? Umeshasikia kwa madereva habari za kuta za mji huu. Tangu mauaji ya mwaka huu, watu wanabandika picha za ndugu zao wasiojulikana walipo: uso, jina, mahali pa kuleta habari. Pale ndipo watu wanasimama. Basi nasi tukabandika pale pale, Muhima, karibu na uwanja wa mpira Remera, na hapa sokoni. Tena tulijiona wenye adabu, kwa kuwa hatukufunika uso wa mtu hata mmoja.

Sisi sote sita tulikulia nje. Nadhani ungekuwa umesimama nasi siku ile ungeipiga teke ile ndoo. Lakini hukuwepo, na kati yetu hakuna aliyeshtuka.

Jumamosi ya tarehe 26 mwezi uliopita tulitegemea watu thelathini. Walikuja zaidi ya mia mbili. Bruce alikuwa anarukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Mimi nilisimama mlangoni nikiwaza kwamba nitakuandikia usiku huo huo nikuambie mwanao amekuwa nyota. Sikuona kwamba wamevaa kama wa kwenda kanisani. Sikujiuliza kwa nini karibu kila mtu amekumbatia bahasha, au Biblia, au kitu kilichofungwa kwenye leso.

Kanda ikaanza. Mlango wa tatu anatoka Salvator mwenyewe, povu la kunyolea limejaa usoni, anadhani nauza sabuni. Tulipoijaribu sisi wenyewe tulicheka mpaka Liliane akakwamwa na njugu. Ukumbini hakucheka mtu. Ikaisha. Hakupiga makofi mtu, na hakuna aliyenyanyuka. Walikaa wakitutazama, na nje jenereta linanguruma.

Kisha mama mmoja wa benchi la mbele akaja. Anaitwa Nyiransabimana, na zamani alifanya kazi kwenye maduka ya Muhima. Alianza kwa Kinyarwanda, alipoona ninavyojikwaa akageuzia Kiswahili. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, hivi, kama wewe unavyopima homa. "Kumbe weye iko muzima," akasema. "Nilikuonaka kwa ukuta, nikakuombea. Ni nani alikupata? Unionyeshe yeye, na mimi anitafutie mutoto wangu." Akafungua leso. Ndani mlikuwa na picha ya msichana wa shule, soksi nyeupe.

Nyuma yake watu walikwisha simama, na kila mmoja anatoa ya kwake.

Mama Mkubwa, sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Nilimwambia sikupotea, ni filamu tu, mimi nimetoka Tanzania. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliikunja leso taratibu, akasema asante kwa kuwa mzima. Bruce, mwenye maneno yake yote, alitoka nje akakaa karibu na jenereta, na tulipomfuata tulimkuta analia.

Salvator ndiye aliyetuokoa. Aliwaomba radhi kwa niaba yetu sote, akawaambia ukweli wote wa zile karatasi. Halafu badala ya kuwaruhusu waende, akaweka kanda mpya kwenye kamera, akasema: mliokuja na picha, njooni mmoja mmoja. Kila picha aliishika mwenyewe aliyeileta, sekunde kumi mbele ya kamera, akataja jina la mtu wake na mara ya mwisho alipoonekana. Liliane alishika taa. Mimi nilikuwa naandika majina. Tulimaliza jua limezama, majina mia moja na kumi na manne.

Tangu hapo Hodi haionyeshwi peke yake. Kila Jumamosi tunaonyesha zile dakika zetu kumi na moja, halafu sura. Tunarekodi nyingine, tunaziunganisha kwa zile deki mbili. Padri mmoja amechukua nakala kwenda Kibungo, muuguzi mmoja ameipeleka Butare. Wawili wameshapatikana, mmoja yuko kituo cha watoto, mwingine alikuwa anauza mkaa mtaa wa pili tu na hakujua kwamba anatafutwa. Wawili kwa wote wale. Sikuongezei chumvi.

Sasa nifike ninapopaogopa. Siku ile ya kwanza, nilipokuwa naandika majina, Nyiransabimana aliniuliza, "Na weye umeleta nani?" Nikamjibu sina mtu ninayemtafuta.

Nilimkana Mama Mdogo Xavérine, mchana kweupe, mbele ya mama aliyenipima homa. Mdogo wako wa mwisho, mliyemwacha na Bibi mlipokimbilia Tanzania, kwa sababu alikuwa na surua na njia ni ndefu. Aliyetuandikia kila Pasaka mpaka vita vilipoanza mwaka wa 1990, kisha kimya. Tangu nifike nimekwenda mara tatu kwenye ule mtaa alioutaja kwenye barua, nikiuliza mlango kwa mlango. Hapo utaelewa ile filamu ilitoka wapi. Wenzangu wanadhani niliitunga.

Nakumbuka asubuhi niliyoondoka. Niliinyooshea mkono ile picha yake iliyo juu ya redio, ukanishika kifundo. Ulisema haitoki ndani ya nyumba hii, kwamba wanaobandikwa ukutani ni waliopotea, na mdogo wako hajapotea, hajafika tu. Sikubishana nawe. Ni picha moja tuliyonayo duniani, na gundi ya muhogo nimeshaiona inavyofanya picha mvua ikinyesha.

Lakini kanda haina gundi, Mama Mkubwa. Ombi langu ni hili. Mpe Nduwayo picha hiyo, na fremu yake, ukiifunga kwenye kanga yako ya kijani. Nitaishika mimi mwenyewe mbele ya kamera. Nitataja jina lake, na la Bibi, na lako. Lori likigeuza tena itarudi kwenye msumari wake. Haitagusa ukuta wowote wa Kigali.

Najua unachokiogopa, kwa sababu nami nakiogopa. Siogopi kwamba hatatokea mtu wa kumjua. Naogopa Jumamosi moja mtu asimame katikati ya ukumbi aseme, huyo namjua, na kwa sauti yake tu nielewe mengine. Lakini kukaa mji huu nikisema sina mtu nimeshindwa.

Salvator hakuniuliza kitu. Nadhani alinisikia nikidanganya. Alipounganisha kanda juzi aliniambia ameniachia nafasi baada ya binti wa Nyiransabimana, sekunde kumi, nitajaza nikiwa tayari. Jana tuliionyesha hivyo hivyo. Ilipofika pale kioo kikawa cheusi. Wengine wakadhani kanda imekatika, mmoja akainuka kuigonga televisheni. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele na Nyiransabimana, ambaye siku hizi hunishikia nafasi. Nikahesabu moja hadi kumi, na ukumbi mzima ni mimi peke yangu niliyejua anayetazamwa ni nani.

Ukishindwa kuitoa, sitakulaumu. Nduwayo akishuka garini mikono mitupu, nitaelewa, na nitakuandikia habari nyingine.

Nisalimie Baba Mkubwa, mwambie avae sweta. Nisalimie wadogo zangu Shami na Régis, wasigombee kitanda changu, ni cha kuku. Mungu awafunike nyote Krismasi hii, na awajalie nyumba yenye watu. Mimi nitakula na Nyiransabimana, ameshaniambia nilete chumvi. Na Mama Mdogo hapo juu ya redio, msalimie kabla hujamteremsha.

Wako akupendaye, anayehesabu siku za lori,
Mukasine