Mama Alipotumwa Maji

Kendi mjukuu wangu,

Kazi ya unesi huko Embu inaendeleaje? Hapa Laare ng'ombe amezaa, na babu yako bado anachuma miraa mwenyewe, hataki kusaidiwa.

Umeniuliza mbona wagonjwa wako wa TB, ukiwauliza kama wana mawazo, wote husema wako sawa. Mimi pia niliugua TB nikiwa msichana. Nesi aliponiuliza, mama alikuwa amesimama nyuma yangu, nami nikasema niko sawa. Nyumbani tulikuwa tunafunga miraa kwa majani ya ndizi. Wanunuzi wangejua nakohoa, nani angetafuna kilichopita mikononi mwangu?

Yule nesi akamtuma mama maji, akafunga mlango, akaniuliza polepole, "Usiku unaogopa nini?"

Nikalia. Nilikuwa naogopa kulala, nikidhani sitaamka. Hakunipa mawaidha. Alinishika tu mkono mpaka tukasikia mama anarudi.

Kendi, kikohozi kimenirudia. Hapa nyumbani nimewaambia ni vumbi, na usiku silali. Ukija, mtume babu yako dukani, kisha uniulize.

Nyanya yako